Mgongo unauma kweli, hujajitungia

Pole sana dada. Unauliza kama mtu akipata nafuu kwa kidonge kisicho na dawa, au kwa kukaa kufuatilia pumzi, ndo ina maana maumivu yalikuwa ya kujitungia? Hapana, hata kidogo! Maumivu yote yanapita kwenye ubongo, hata ya mguu uliovunjika, na ubongo unaweza kuyakuza au kuyapunguza. 1978 kule Marekani watafiti waliwapa plasibo, yani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani, watu waliotoka kung'olewa meno, kuna waliopata nafuu, ila walipochomwa sindano ya naloksoni, inayozuia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, maumivu yakazidi, yani mwili wenyewe ulikuwa unajitengenezea dawa.

Na Ureno, utafiti uliotoka 2016, wenye maumivu sugu ya mgongo waliambiwa wazi kabisa hiki kidonge hakina kitu, wakameza wiki tatu pamoja na matibabu yao ya kawaida na bado wakapata nafuu kuliko wenzao wa matibabu pekee. Kwa hiyo hata kudanganywa si lazima.

Mimi ningekushauri uanze na pumzi maana haina gharama, dakika kumi tu, lala chali magoti juu, maumivu yakija usikaze mwili, yaangalie tu yako wapi, yanavuta au yanaunguza, kisha rudi kwenye pumzi. Haiponyeshi pingili za mgongo, inapunguza ile hofu inayokaza misuli. Dawa usiache bila daktari, na miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe wahi hospitali siku hiyohiyo, tafadhali.