Lami ipo, basi je?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu usafiri vijijini India, na nimechagua kijiji kimoja cha jimbo la Bihar. Kwenye jedwali la sensa ya 2011, safu ya barabara ya lami ina "1". Safu ya basi la umma ina "2" na pembeni herufi "b". Kituo cha reli "2" na "c". Wakazi ni 1,312. Je, hizo 2 ni basi mbili kwa siku? Na naweza kuandika kwamba kijiji kinafikika?

JIBU: Basi mbili hapana, tafadhali, wasimamizi wako watakucheka. Katika orodha ya vijiji ya sensa ile, 1 maana yake huduma ipo na 2 maana yake haipo. Penye 2 ndipo herufi inapoingia kazini: a ni chini ya kilomita 5, b ni kati ya 5 na 10, c ni 10 na kuendelea. Kwa hiyo mtu wa kijiji chako hutembea au hupanda chombo kingine zaidi ya kilomita 5 kulifuata basi. Na kabla hujapiga wastani wowote, zigeuze 2 zote kuwa 0. Nimeshaletewa jedwali lenye wastani wa barabara za lami 1.6 kwa kila kijiji, na aliyelileta hakushtuka.

Kufikika ni suala jingine. Kijiji cha sensa ya India ni eneo lenye mipaka ya kumbukumbu za kodi ya ardhi. Ndiyo maana vipo vijiji vyenye jina na mipaka lakini havina hata mkazi mmoja: mwaka 2011 vijiji vyote vilihesabiwa zaidi ya 640,000, na vyenye watu havikufika 600,000. Ukubwa nao haulingani. Kerala ina vijiji elfu moja na ushei tu, wastani wa watu 17,000 hivi kila kimoja. Himachal Pradesh, kule milimani, wastani haufiki 400.

Kwa Bihar, watu wako 1,312 huenda wametawanyika kwenye vitongoji kadhaa, wenyewe huviita tola. Lami ikigusa tola moja, kijiji kizima kinapata "1". Tola iliyo ng'ambo ya kijito kisicho na kalavati inaweza kukatika mvua za monsuni zinapokolea, Juni hadi Septemba, na jedwali lisiseme neno.

Hapo ndipo idadi ya watu inapokutana na barabara. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza Desemba 2000, hupima kitongoji badala ya kijiji: tambarare kiwe na watu 500 au zaidi, milimani 250. Kitongoji huhesabika hakijaunganishwa kikiwa angalau mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Milimani ni kilomita 1.5 za njia ya miguu. Tola ya watu 300 ikisimama peke yake haifiki kigezo, hata kama kijiji kina 1,312. Na "kupitika mwaka mzima" hapa hakulazimishi lami, madaraja na kalavati ndivyo muhimu.

Usiruke safu ya bajaji. Nyumbani tunazipa jina la kiwanda cha huko huko India, kwao ni auto au tempo, na mara nyingi ndizo zinazomtoa mwanakijiji hadi kwenye basi. Zikiwa na "1", picha yako inabadilika.

Basi andika hivi: "Mwaka 2011 barabara ya lami ilifika kijijini, basi la umma lilikuwa umbali wa kilomita 5 hadi 10." Huo mwaka usiuache. Sensa ya 2021 iliahirishwa, na inayofuata imepangiwa Machi 1, 2027 kuwa siku yake ya rejea, yaani siku ambayo hesabu ya watu hulenga, kwa sehemu kubwa ya nchi.