Huyo mtoto usimrudishe kwao kwanza

Mwanangu, voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara mbili, nimesikia sauti inavyokukatika ndo mana nakuandikia, kwenye simu ungenikatiza. Unauliza kati ya hao watoto wa watu unaowalea mchana hapo kwako, umrudishe kwao yule wa kiume wa mwaka na miezi kumi, maana wiki hii kawang'ata wenzie mara tatu, mama wa binti aliyeng'atwa shavuni kasema akirudia anamtoa mwanae, na jirani yako hapo Sakina anakwambia umng'ate na wewe ajue inavyouma.

La jirani lifute. Kaka yako alikuwa anang'ata hivyohivyo, nikashauriwa hapa Pasua nimpake pilipili mdomoni, nikapaka, mtoto akajifuta na mkono, mkono ukaenda machoni, jioni nzima tuko bombani wote wawili tunalia, na kesho yake akaning'ata mimi begani. Mtoto wa umri ule haunganishi pilipili na kosa, anaona tu mama kanifanyia ubaya.

Sasa mi nikuulize, anang'ata saa ngapi? Umenitajia nani na wapi, saa hujasema. Chukua daftari la ada, ukurasa wa nyuma uandike kila aking'ata ni saa ngapi, alikuwa na nani, wanagombania nini, alikula saa ngapi. Mi nahisi ni saa tano kwenda saa sita, uji ushaisha tumboni, chakula bado, dada yuko jikoni, wewe unambadilisha mtu pampasi na watoto saba wamebanana mkeka mmoja na kagari kamoja. Hata mi ningeng'ata. Kama ndo hivyo wape ndizi mbivu saa nne na nusu, na muda huo yeye awe ubavuni kwako kabisa, sio unamwangalia huku unachati. Af pitia soko la Kilombero ununue magari mawili yanayofanana, maana kupokezana hawajui bado hao, utachoka bure.

Mchungulie na fizi. Magego ya nyuma yanaanza kusukuma kwenye miaka miwili hivi, kama anatoa mate na kutafuna kola ya shati mpe kitambaa kisafi cha maji baridi atafune.

Na jingine, si ulisema kwao anashinda na bibi yake wanaongea Kimeru, Kiswahili anakiokota hapo kwako? Basi mtoto hana neno la kumwambia mwenzie toka, ana meno tu. Mfundishe nipe, sitaki, bado. Na wewe jifunze maneno yake mawili matatu, muulize huyo bibi, atafurahi.

Aking'ata, nenda kwanza kwa aliyeumia. Tunakosea wengi, tunamrukia mkosaji na kelele na kumbeba, kumbe ndo alichokuwa anataka. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, weka kitambaa baridi, na ngozi ikichanika apelekwe zahanati siku hiyohiyo, usipake dawa ya meno kama nilivyokuwa nawapaka nyie. Wazazi wote walete kadi za kliniki uone kama watoto wamepata zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ndani yake kuna kinga ya pepopunda na homa ya ini B. Ukishamaliza ndo umgeukie yeye, chuchumaa muangaliane, umwambie hapana, kung'ata kunauma. Basi. Hotuba haisikii.

Mama wa binti mwambie ulichobadilisha, jina la aliyeng'ata usimtajie hata kama analijua. Mama wa mvulana naye usimdake getini jioni mbele za watu, mpigie watoto wakishaondoka, na umuulize kama nyumbani kuna anayemng'atang'ata kwa mchezo, maana wababa wana hiyo tabia.

Mpe mwezi. Mi Jumamosi natoka sokoni saa nne, nipigie ukiwa na hizo saa mkononi.