Viungio vya gesi ardhini: kanuni zinapima kuvuja, zinasahau kushika

Mleta uzi ameuliza kanuni za usalama wa viungio vya mabomba ya gesi yaliyofukiwa ardhini ziboreshwe wapi kwanza. Wengi mmejibu "bomba nene zaidi" na "wakaguzi waongezwe". Nimeunga na kufukua mabomba haya kwa miaka mingi, na mimi naona tofauti kidogo. Bomba lenyewe mara nyingi halina tatizo. Tatizo liko pale linapoungana na jingine, na kanuni nyingi zinakipima kiungio mara moja tu, siku ya kufukia.

Chukueni kapolingi ya kubana, yaani kiungio kinachokazwa kwa nati bila kuyeyusha bomba. Ukiifungua utakuta nati, mpira na, kwenye zile nzuri, pete yenye meno. Mpira unaziba gesi isitoke, pete inalishika bomba lisichomoke. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kapolingi nyingi za zamani zilitegemea mpira peke yake, na zilipita kipimo cha presha bila shida kwa sababu kwa saa chache msuguano wa mpira unatosha. Baada ya hapo ndipo kuvutana kunapoanza. Bomba la kipenyo cha milimita 63 lenye presha ya baa 4 (karibu mara nne ya presha ya hewa ya kawaida) linasukumwa kwenye ncha kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 120, mchana na usiku. Juu ya hapo ongeza baridi. Plastiki ya polithini husinyaa mara kumi na zaidi kuliko chuma: mita 50 zikipoa kwa nyuzi 20 zingefupika kwa sentimita 15 hadi 20 kama hakuna kinachozizuia. Kinachozizuia ni udongo na viungio. Udongo wenyewe ukiwa mfinyanzi, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kila mwaka unalivuta bomba na kuliachia.

Niliwahi kufukua laini ya nyumba, yaani bomba dogo linalotoka bomba kuu kwenda kwenye nyumba, ambayo alama ya kalamu bado ilikuwa inasomeka. Fundi anayejua kazi huchora mstari kwenye bomba kabla ya kulisukuma ndani ya kapolingi, ili aone limeingia kina kinachotakiwa. Mstari ule ulipaswa kugusa mdomo wa kapolingi. Ulikuwa umetoka nje kwa upana wa vidole viwili. Nati imekazwa sawasawa, mpira hauna mchubuko, na tulipopaka povu la sabuni halikutoa hata kiputo kimoja. Kwenye makaratasi kiungio kile kilikuwa kizima. Kwa kuangalia mstari, bomba lilikuwa limebakiza upana wa kidole kuchomoka kabisa.

Haya siyo mambo ya kubuni. Jimbo la Texas, Marekani, walipata milipuko iliyoua watu majumbani, na mwaka 2007 mamlaka inayosimamia mabomba ya gesi kule ikaamuru kapolingi za kubana za zamani zisizoweza kuhimili kuvutwa ziondolewe. Kanuni za shirikisho za Marekani nazo zikaja kusema wazi: kiungio cha kubana cha bomba la plastiki kinachofungwa baada ya Januari 22, 2019 lazima kizibe na pia kishike, kiasi kwamba bomba lirefuke kwa angalau asilimia 25 au likatikie nje ya kiungio kabla kiungio hakijaachia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kimoja ambacho nchi yoyote inaweza kukinakili kesho asubuhi. Usiandike "kiungio kisivuje". Andika bomba lishindwe kwanza.

Lakini angalieni neno "baada ya". Vilivyofukiwa kabla ya hapo vimeachwa vilivyo. Ndiyo maana naona kifungu cha pili kiwe cha daftari: kampuni ijue kila kiungio kilipo, cha aina gani, kimefungwa lini na nani, na kiko kwenye udongo gani. Ukishakuwa na daftari, unaanza kubadilisha vya zamani vilivyo kwenye mfinyanzi kabla ya vile vilivyo kwenye mchanga. Bila daftari unasubiri simu ya mtu aliyesikia harufu.

Kuna mchangiaji amesema haya yote yameisha tangu tulipoanza kuunga plastiki kwa kuyeyusha. Ni kweli kiungio kilichoyeyushwa vizuri kinakuwa kitu kimoja na bomba, hakuna cha kuchomoka. Sasa, "vizuri" ndiyo kazi yenyewe. Plastiki iliyokaa juani au stoo ina ngozi nyembamba iliyooza kwa hewa, na ngozi hiyo haiyeyuki ikashikana na mwenzake. Lazima ikwanguliwe, kina cha kama sehemu mbili za kumi za milimita, kuzunguka bomba lote. Kikwangua kizuri kinatoa utepe mrefu unaojikunja, wa unene uleule mwanzo hadi mwisho. Fundi anayeparuza kwa msasa au kisu anatoa unga tu na kuacha visiwa ambavyo havijaguswa. Kisha unafuta kwa spiriti, hugusi tena kwa mkono, unavisha soketi (mkono wa plastiki wenye waya wa umeme ndani), unabana kwenye vishikizo, unayeyusha, na unaacha kipoe muda wote ulioandikwa bila kukisogeza. Mvua ikianza, funika au simamisha.

Ubaya wake ni kwamba aliyeruka hatua hizi haumbuki siku ileile. Soketi inapata moto, mashine inaandika kwamba imekamilisha, presha inapanda na inakaa. Kiungio kilichogusana bila kushikana kinaweza kushikilia gesi kwa miaka kikisubiri mzigo wa pembeni.

East Harlem, New York, Machi 12, 2014: majengo mawili yaliporomoka na watu 8 wakafa. Bodi ya taifa ya uchunguzi wa ajali ikakuta kiungio kibovu cha kuyeyusha, pale tii (kiungio chenye umbo la herufi T) ya laini ya nyumba ilipokaa juu ya bomba kuu la plastiki lililowekwa 2011. Ikakuta pia tundu kwenye ukuta wa bomba la majitaka la jirani, lililokuwa likinyonya udongo hadi bomba la gesi likabaki halina cha kulibeba. Yaani kosa la kuunga likakutana na kosa la watu wa idara nyingine kabisa. Kila moja peke yake labda lingechelewa kuleta maafa.

Kwa hiyo kanuni za kuyeyusha ziseme nini? Kwanza, kipimo cha presha kisihesabiwe kuwa ushahidi wa ubora wa kiungio. Kikatwe kiungio cha sampuli kutoka kazi halisi, bila fundi kujua kipi, kikapasuliwe na kubanduliwa. Pili, picha ya sehemu iliyokwanguliwa kabla ya soketi kuvishwa, pamoja na namba ya fundi na ya mashine. Inachukua nusu dakika na simu ya kawaida. Tatu, cheti cha fundi kiwe na mwisho: Marekani anapimwa upya kila mwaka, na muda hauruhusiwi kuzidi miezi 15. Binafsi ningeongeza kwamba malipo kwa idadi ya viungio yapigwe marufuku, maana ukimlipa mtu kwa kiungio, muda wa kupoa ndio wa kwanza kuibwa. Najua wakandarasi watanirukia hapa.

Kushindilia udongo chini ya tii nako kunadharauliwa. Mashine ikichimba inaacha shimo pana zaidi ya bomba, kibarua anarudisha mabonge, gari zito linapita, bomba kuu linashuka na laini ya nyumba inabaki juu. Mzigo wote unaishia shingoni mwa kiungio. Sharti liwe kujaza mchanga au udongo laini chini ya bomba kwanza, kushindilia kwa tabaka, na kuvisha mkono wa kinga pale laini inapotoka kwenye tii. Mkaguzi aone kabla ya kufunika, siyo baada.

Kuunga laini mpya na ya zamani ni mada inayojitegemea, ila nitaje Merrimack Valley, Massachusetts, Septemba 13, 2018. Wakati wa kuhama kutoka bomba la chuma la zamani kwenda la plastiki, vibomba vinavyohisi presha viliachwa kwenye lile la zamani. Lilipokatwa, presha yake ikashuka, vidhibiti vya presha vikaamini mtandao mzima umepungukiwa na kusukuma gesi kwa nguvu kwenye bomba jipya. Nyumba nyingi ziliungua au kulipuka na kijana mmoja akafa. Viungio vyenyewe havikuwa na hatia. Ramani ya kazi haikuwa imeonyesha vibomba vile, na hakuna mhandisi mwenye leseni aliyeipitia na kuigonga muhuri.

Mwisho, kwa aliyesema "harufu inatosha". Harufu ilianza kuwekwa kwa lazima baada ya shule ya New London, Texas, kulipuka mwaka 1937 na kuua karibu watu 300 kwa gesi isiyonuka. Ni kinga kubwa, na inatakiwa inukie wakati gesi iko moja ya tano tu ya kiwango cha kuwaka. Kwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hii, kiwango hicho ni asilimia 5 ya hewa. Lakini gesi inayovuja kiungioni haitoki moja kwa moja juu. Inatambaa kwenye mchanga wa mtaro, inaingia kwenye mabomba ya nyaya na ya majitaka, na udongo unaweza kuifyonza ile harufu njiani. Ikifika ndani ya nyumba inaweza isinuke kabisa. Kwa hiyo timu inayotafuta uvujaji itoboe ardhi na kusoma kwa kifaa, ifuate vipimo hadi kwenye misingi ya nyumba za pande zote, na isiondoke kwa sababu tu pua haijasikia kitu. Vipimo vikionekana karibu na msingi, watu watolewe nje kwanza, bila mtu kuwasha wala kuzima swichi yoyote, halafu ndipo mtafute kiungio kipi.