Kwa nini pembrolizumab (dawa inayoachilia kinga ya mwili ishambulie saratani) inasaidia melanoma, aina ya saratani ya ngozi, lakini ikiwa peke yake mara nyingi inashindwa kwenye saratani ya ovari

Si kwamba kinga haiioni saratani ya ovari. Inaiona, ila inafungwa mikono. Utafiti wa 2003 kwenye New England Journal of Medicine ulikuta kuwa kati ya wagonjwa wa saratani ya ovari wenye seli T (askari wa kinga) ndani ya uvimbe, 38% walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasio nazo, 4.5% tu.

Tatizo ni mazingira ya tumboni. Yale maji yanayojaa tumbo hubeba TGF-beta na IL-10, protini za kupashana habari ambazo huipooza kinga, pamoja na seli T za udhibiti ambazo kazi yao hasa ni kuwatuliza wenzao. Juu ya hayo, seli za saratani huvaa protini ya CD24 inayoziambia makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza adui, "usinile". Pembrolizumab yenyewe inafungua breki moja tu ya seli T, iitwayo PD-1; hayo mengine yanabaki palepale. Halafu uvimbe huu una mabadiliko machache ya jeni kuliko melanoma, kwa hiyo seli T zina vitu vichache vya kuutambulia. Kwenye jaribio la KEYNOTE-100, dawa ikiwa peke yake, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa takriban 8% ya wagonjwa.

Ila msimkatishe mgonjwa tamaa kabla ya vipimo. Wachache wana uvimbe wa MSI-H, yaani wenye hitilafu ya kurekebisha DNA, na hao ni habari nyingine: Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwao tangu 2017, saratani iwe imeanzia kiungo chochote. Kipimo hufanywa kwenye kinyama kilichokatwa wakati wa upasuaji, muulizeni daktari.