Barua kwa mwanangu: hita iwake lini?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya kile kikohozi. Unasema bili ya Januari imekukosesha usingizi. Unauliza uache hita ya gesi ya nyumba nzima iwake kwa moto mdogo mchana kutwa ili nyumba isipoe, kama wenzako wodini wanavyokushauri, au uwashe ukiwa ndani tu. Kisha ukapitisha harakaharaka kwamba tangu wiki jana umeizima kabisa, na usiku unajikunyata chumbani na kihita cha kuchomeka ukutani.

Naanza na hicho kihita. Kigeuze usome kibandiko chake. Vingi huandikwa wati 2000, yaani kila saa kinakula yuniti mbili za umeme. Ukikiwasha saa moja jioni hadi saa sita usiku, hizo ni yuniti kumi. Kwa peni 25 hivi kila yuniti, usiku mmoja ni pauni mbili na nusu, na mwezi ni pauni 75, kwa chumba kimoja tu. Yuniti ya gesi huko Uingereza ni kama robo ya bei hiyo. Umeukimbia moto wa bei nafuu ukaenda kununua wa ghali. Kirudishe kabatini.

Sasa swali lako: washa ukiwa ndani. Nyumba si chupa ya chai. Joto linavuja saa zote kupitia kuta, dari na vioo, na kadiri ndani kunavyozidi nje kwa joto, ndivyo linavyovuja kwa kasi. Ukiacha moto mdogo mchana kutwa nawe uko kazini, unalipia joto la kupasha barabara. Tega saa ya boila (ule mtambo wa gesi unaopeleka maji moto kwenye radieta, yale mabamba ya ukutani) iwake nusu saa kabla hujafika, izime nusu saa kabla hujalala. Ukiwa zamu ya usiku, badilisha saa hizo, usiziache za mchana. Kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, themostati, kiweke kati ya nyuzi 18 na 20. Kukizungusha hadi 25 hakuleti joto upesi. Boila inafanya kazi kwa kasi ileile, ila haijui pa kusimama. Na vyumba usivyokaa, punguza kinobu cha radieta hadi 1 au 2, mlango ufungwe.

Ulinitumia picha ya boila yako, ni ile inayochemsha maji papo hapo bila tangi. Basi iko namna nyingine ambayo wengi hawaijui. Boila hizo mara nyingi huachwa zikipeleka maji kwenye radieta yakiwa na joto la nyuzi 70 au 80. Shusha mpaka 60. Radieta hazitakuunguza mkono tena, na nyumba itachelewa kidogo kupata joto, lakini boila inavuna moto uliokuwa ukitoka na moshi. Ungekuwa na tangi la maji moto nisingekwambia hivyo, maana maji yaliyokaa vuguvugu tangini huzaa wadudu wa maradhi.

Halafu pitisha kiganja kwenye kila radieta. Ikiwa chini ni moto na juu ni baridi, imejaa hewa. Zima hita, iache ipoe. Shika kitambaa chini ya kile kitundu cha pembeni juu, ingiza ufunguo wake mdogo (maduka ya vifaa wanauza, si ghali), zungusha polepole. Itazomea sss. Maji yakianza kudondoka, funga hapo hapo. Kisha tazama geji ya presha ya boila, mshale ukae kati ya 1 na 1.5. Mimi nilipoishi huko, mjini Leicester, nilikaa baridi mbili nzima na radieta ya sebuleni iliyokuwa nusu maiti, na jirani mmoja mzee wa Kigujarati ndiye aliyenifundisha hilo kwa dakika tano.

Bili yenyewe uliisoma? Tafuta kama pembeni ya namba za mita kuna herufi E. Hiyo ni makadirio. Hawakusoma mita yako, wamekisia. Piga picha ya mita leo, uwapelekee namba, na ufanye hivyo kila mwezi. Na usidanganyike na hiyo bei ya kikomo ya Ofgem, wasimamizi wa gesi na umeme huko, inayotajwa kwenye habari ukadhani bili haiwezi kuipita. Kikomo ni cha bei ya yuniti na ada ya kila siku. Ukitumia zaidi, unalipa zaidi.

Mwanangu, kuzima kabisa usizime. Mwaka wangu wa kwanza huko nilizima, kila pauni niitume nyumbani mlipiwe karo. Nilikuwa nafua na kuanika ndani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi. Mwezi wa pili nilifungua kabati nikakuta koti langu jipya limeota ukungu mweusi mgongoni, na ukuta nyuma yake umelowa. Kifua kilinibana mpaka Aprili. Fedha niliyookoa iliishia kwenye koti lingine na siku nilizokosa kazini. Unyevu unataka joto kidogo na hewa: funika sufuria ukipika, fungua dirisha dakika kumi baada ya kuoga, nguo zisianikwe juu ya radieta. Ukungu ukishaanza, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, uweke nakala.

Na mkaa ndani, hata siku moja. Nakujua unavyopenda nyama ya kuchoma, na najua kuna watu huingiza jiko sebuleni wakati wa baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, inamlaza mtu asiamke. Boila nayo ni haki yako ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha ya mafundi wa gesi walioidhinishwa, na chumba ilimo boila kiwe na king'ora cha hewa hiyo. Mwulize mwenye nyumba cheti, usione haya.

Kitandani tumia blanketi la umeme. Hilo ni wati 100 hivi, saa kumi ndiyo yuniti moja. Pazia zito shusha jua likizama, lakini lichomeke nyuma ya radieta, lisiifunike. Kochi nalo lisogeze mbele.

Upepo wa chini ya mlango nimeushughulikia. Ile kanga yangu ya zambarau iliyochanika upindo nimeikata, nikashona mfuko mwembamba mrefu kama mkono wa kanzu, nikaujaza vitambaa na mchanga kidogo wa kuupa uzito. Unalala kizingitini, upepo haupiti. Nimeushona urefu wa sentimita 80. Pima mlango wako jioni hii uniambie kabla ya Jumamosi, maana mtoto wa jirani anasafiri Jumapili na amekubali kuubeba. Nitamfungia na tangawizi ya kusaga. Na washa hita leo, unipigie simu chumba kikiwa na joto, nisikie hicho kikohozi upya.

Mama yako,
Kisauni, Mombasa