Mvinyo Mkavu wa Kijerumani: Soma Chupa Kabla ya Kuwasha Jiko

Chupa ya kwanza ya Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, niliyonunua baada ya kuhamia Mainz, Ujerumani, iliniharibia chakula cha jioni. Nilikuwa nimekaanga samaki kwa siagi, nikamkamulia limau, majirani wakaketi mezani. Mvinyo ulipomiminwa, ulikuwa mtamu kama sharubati. Samaki akapoa mbele yetu, kila mtu akitabasamu kwa adabu. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliigeuza chupa taratibu, akapitisha kidole kwenye karatasi yake, akasema: "Hapa hapajaandikwa trocken."

Neno hilo ndilo la kutafuta. Trocken maana yake ni mkavu, na si neno la kujipambia: kwa kawaida sukari isizidi gramu 4 kwa lita, au ifike hadi 9 iwapo mvinyo wenyewe una uchachu wa kutosha kuifunika. Mimi nilidanganywa na neno Spätlese, nikidhani linatosha. Kumbe linaeleza zabibu zilivyoiva zilipochumwa, basi. Ipo Spätlese kavu, ipo tamu.

Ukikosa neno trocken, angalia kilevi. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi. Ikisimamishwa mapema, sukari hubaki. Kwa hiyo Riesling ya asilimia 8 karibu kila mara ni tamu, na ya 12 au zaidi kwa kawaida ni kavu.

Sasa mezani. Kanuni ninayoishika ni moja: mvinyo usizidiwe uchachu na chakula. Samaki wako akiwa na limau la kutosha, mvinyo laini utaonekana maji matupu. Hapo Riesling kavu ya Mosel au Rheingau, maeneo ya mashamba ya mizabibu, haina mpinzani. Uchachu wake unakata mafuta ya siagi vilevile ndimu inavyokata, na kila tonge linakuwa kama la kwanza. Hata schnitzel ya nguruwe, kipande chembamba cha nyama kilichokaangwa na chenga za mkate, inapata uhai.

Asparaga nyeupe, Spargel, ni habari nyingine. Wajerumani huila kwa hamu kuanzia Aprili hadi tarehe 24 Juni, msimu unapofungwa: imechemshwa, imemwagiwa siagi, viazi na nyama ya paja pembeni. Ina uchungu kidogo unaoufanya mvinyo mwingi uonje kama chuma. Mimi huichukulia Silvaner, mvinyo mweupe wa eneo la Franken, mpole, yenye harufu ya majani mabichi. Chupa yake ya asili, Bocksbeutel, utaitambua kwa mbali: fupi, bapa, kama kibuyu kilichokandamizwa.

Na vyakula vya kwetu? Samaki wa kupaka ninayempika huku, mwenye tui zito, anapatana vizuri na mvinyo wa zabibu za Weissburgunder au Grauburgunder, ulio mkavu, kwa kuwa tui linataka mvinyo wenye mwili, yaani mzito mdomoni. Lakini pilipili ikiwa kali, acha ukavu. Kilevi kingi huzidisha moto mdomoni. Chukua halbtrocken, yaani nusu mkavu, ambayo huruhusiwa sukari hadi gramu 18 kwa lita, nawe utaona ulimi unavyotulia.

Usiupoze mvinyo kupita kiasi. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Mimi huutoa frijini robo saa kabla ya kula, maana ukiwa baridi mno hubaki uchachu tu, harufu yote imelala.

Ukifika Rheinhessen, eneo la mvinyo jirani na Mainz, usianze na duka. Tafuta Straußwirtschaft, nyumba ya mkulima anayeruhusiwa kuuza mvinyo wake mwenyewe kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka. Mara nyingi shada la matawi au ufagio huning'inizwa langoni. Agiza glasi ndogo tatu, zote trocken, pamoja na Spundekäs, jibini laini lililopondwa na kitunguu, na brezel, mkate mdogo uliosokotwa. Onja kila glasi mara mbili: kabla ya jibini, na baada yake. Nunua ile iliyokupendeza zaidi mara ya pili.