Trekta limekaa chini ya mwembe, sasa halitaki kuwaka: maswali yenu

Kila Machi ikifika, karakana yangu hapa Changamwe hugeuka zahanati ya wazee. Matrekta yaliyosahauliwa tangu vuli hukumbukwa kwa mpigo mmoja, na kila mwenyewe anataka kulima kabla ya tone la kwanza la masika. Wengi mna Massey Ferguson 135, ile iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Wachache mna 35 iliyoitangulia. Na wapo wawili watatu wenye Ferguson TE20 ya kijivu, ambayo kwa umri fundi wake anapaswa kuiamkia. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Fundi, 135 yangu iliishiwa dizeli katikati ya shamba. Nimetia lita 20, stata inazunguka vizuri lakini injini haiwaki. Kijana wa hapa anasema pampu imekufa, tuifungue. (Msambweni)

Mwambie huyo kijana aweke spana chini. Pampu haijafa, imemeza upepo. Dizeli haibanwi, upepo hubanwa: pampu inasukuma, lile povu linajikunyata tu, na nozeli, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya silinda, hazifunguki.

Anza kwenye tangi. Chomoa paipu inayoingia kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, ile yenye mkono mdogo wa kusukuma kwa kidole. Dizeli itoke kwa kasi. Ikidondoka kama machozi, njia imeziba. Juzi nilitoa bawa la mende kwenye bomba la tangi la mzee mmoja ambaye tayari alikuwa amenunua filta mbili mpya.

Ikishatoka vizuri, rudisha paipu, legeza skrubu iliyo juu ya filta, kisha usukume ule mkono mdogo. Kwanza litatoka povu kama la sabuni, halafu dizeli itatema mate, halafu utapata mkondo safi usio na hata kipovu kimoja. Kaza skrubu huku bado unasukuma. Hapa ndipo wengi hudanganyika: mkono ukiwa mlegevu, hauna ukinzani, wanasema pampu ndogo imeharibika. Mara nyingi ni kwamba kemu ndani ya injini imesimama palipoinuka na imeushikilia. Gusa stata kidogo injini izunguke, ujaribu tena.

Baadaye nenda kwenye pampu kubwa. Ina skrubu mbili za kutolea upepo. Anza na ile ya ubavuni, umalizie na ile ya juu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli zote tatu, nusu mzunguko tu, vuta mafuta mpaka mwisho, upige stata. Usizidishe sekunde 15, kisha iache ipoe dakika nzima, maana stata huungua kwa uchu wa mwenyewe. Dizeli ikianza kuruka kwenye nati, kaza moja baada ya nyingine. Itakohoa, itatoa moshi mweupe, itashika.

Lakini kabla ya hayo yote, hakikisha kamba ya kuzimia imerudishwa ndani. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kutoa upepo kwa saa nzima kule Shimba Hills, wanakijiji wamenizunguka, na kamba ilikuwa nje muda wote. Mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyeniuliza, "Na hii?"

Ikiwaka leo na kesho ikagoma tena, kuna mahali inavuta upepo. Tazama gasketi ya filta na vile vipete vya shaba (washer). Vikishatumika sana huwa vigumu na havizibi.

Betri ni mpya kabisa lakini nikipiga ufunguo nasikia "tak!" basi. Stata nibadilishe? (Kisauni)

Ndugu yangu, wewe unaishi kwenye upepo wa bahari. Kabla ya stata, tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti. Fungua, mwaga maji ya moto yaliyotiwa magadi, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, rudisha, kaza, pakaza grisi juu.

Halafu fuata ule waya mnene wa hasi mpaka mahali unaposhikana na bodi. Matrekta mengi ya hapa yamepigwa rangi mara tatu nne ili yauzike, na fundi wa rangi hupaka mpaka chini ya boliti. Rangi si njia ya umeme. Kwangua mpaka uone chuma. Kama una mita, betri nzima ikipumzika isome karibu volti 12.6, na stata ikizunguka isianguke chini ya 10 au hapo karibu. Huna mita? Piga stata sekunde chache, kisha gusa vichwa. Penye joto ndipo penye ugonjwa.

Kama hata "tak" husikii, jambo ni lingine: tazama gia ndogo ile ya juu na chini. Isipokuwa kwenye nyutro, swichi ya usalama haitoi umeme. Na nawaomba msiifunge hiyo swichi kwa waya, wala kuunganisha stata kwa bisibisi mkiwa mmesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Likiwa kwenye gia litawaka na kuondoka, na njia yake inapita juu yako.

Mwenye TE20 asome hapa pia: nyingi zilitoka kiwandani chanya ndiyo imeshikana na bodi, kinyume cha magari ya leo. Angalia kabla ya kufunga betri.

Linachemka baada ya nusu saa ya kulima. Fundi alitoa thamostati, bado. Maji natia ya kisima. (Jomvu Kuu)

Bibi, nenda jikoni ufunue birika lako. Ule ukoko mweupe ulioganda chini, ndio uliomo ndani ya rejeta yako. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima yana chokaa, na ukisogea pwani yana chumvi vilevile. Chokaa hujenga ukuta kwenye vijia vya rejeta na kuzunguka silinda. Chumvi nayo inakula chuma taratibu. Mwaka wa kwanza huoni kitu, wa tatu unachemsha.

Kwanza nje: simama mbele ya trekta, tazama mapezi ya rejeta. Yamejaa nyasi na vumbi lililogandishwa na mafuta? Puliza kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana uchafu uliingilia mbele. Bonyeza mkanda wa feni katikati. Ukizama zaidi ya upana wa kidole, kaza.

Kisha ndani. Injini ikiwa baridi, fungua bomba la chini la rejeta na lile la ubavuni mwa injini, wengi husahau hili la pili. Mara nyingi halitoi kitu kwa sababu limeziba tope, lichokoe kwa waya. Toa rejeta, ingiza hozi kwenye tundu la chini, maji yapande kinyume na mazoea yake. Yatakayotoka yatafanana na uji wa wimbi. Endelea mpaka yawe safi.

Ukirudisha, tia maji ya mvua, yale ya bati, pamoja na kulanti nusu kwa nusu. Najua jibu lenu: "Huku hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ya kutu. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu kati ya nyingi.

Na thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata joto, irudishwe. Hapa mimi na mafundi wenzangu hatupatani, wao wanasema joto la Mombasa linatosha. Injini isiyofika kwenye joto lake haichomi dizeli yote, inayobaki hushuka kwenye oili na kuilegeza, na pistoni zinasagika. Ukishuku imekufa, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto, uitazame: inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, nunua nyingine, ni kitu cha bei ndogo.

Kama baada ya yote hayo bado linachemka, fungua kifuniko likiwa baridi, liwashe, uangalie juu ya maji. Vipovu vikipanda bila kukoma, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hapo niite. Kifuniko kisifunguliwe kamwe likiwa moto. Nimeona mikono iliyoungua, na hakuna anayetaka nieleze zaidi.

Nina TE20. Plau haiinuki kabisa, ghafla tu. Oili ipo. (Mtwapa)

Ile nyenzo ya PTO, yaani ya shafti ya nyuma inayozungusha mashine, iko wapi? Kwenye TE20 pampu ya kuinulia inaendeshwa na shafti hiyohiyo. Mtu akiikata, mikono haiinuki. Nusu ya simu za namna hii huishia hapo, mwenyewe anacheka, ananikatia simu.

Isipokuwa hivyo, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kwa kawaida hupitia kwenye raba ya gia mvua ikinyesha. Pampu imo ndani ya oili ya gia yenyewe, kwa hiyo maji hayo yanakula gia na beringi pia. Mwaga yote, badilisha raba, na usiku lifunike.

Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli ni kweli husafisha nozeli? (Mikindani)

Hapana. Pampu ya 135 hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga. Tangu 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kupambana na uchanganyaji, hata ile faida ya bei imepungua. Dizeli ya jerikeni itie kwenye chupa ya kioo ilale usiku: asubuhi ukiona mstari chini kama tui lililojitenga, hayo ni maji.

Kifuniko cha shafti ya PTO kilivunjika. Natumia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, wanangu wananisaidia. Kuna tatizo? (Mtopanga)

Lipo, dada. Zima leo, usingoje kesho. Shafti hiyo kwa kazi ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ncha ya leso ikiishika, hakuna mtu mwenye nguvu ya kuivuta. Kifuniko kipya kwanza, watoto mbali, leso na buibui pembeni, na asiruke mtu juu ya shafti hata injini ikiwa inanguruma taratibu.

Nimepata 135 ya kununua huko Kwale, mwenyewe anasema ni ya "mkono mmoja." Nitazame nini? (Likoni)

Kwanza karatasi. Jina kwenye logbuku liwe la anayekuuzia, na uhamishaji upitie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kabla fedha hazijahama. Harry Ferguson, yule mwenye jina lililo kwenye trekta lako, na Henry Ford walikubaliana biashara ya matrekta mwaka 1938 kwa kupeana mikono tu. Mwaka 1952 kampuni ya Ford ikamlipa Ferguson dola milioni 9.25 kumaliza kesi. Wewe huna fedha za mawakili wa namna hiyo.

Pili oili. Chomoa kijiti cha injini na cha gia, zote zisiwe na weupe. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inazunguka. Ukiona moshi unasukumwa nje kwa nguvu kama bomba la meli, ringi zimechoka. Moshi wa samawati kwenye ekzosi ni oili inayoungua. Mweusi kidogo trekta likivuta mzigo ni sawa, likiwa limesimama si sawa. Shika usukani, uuchezeshe, uone unazunguka kiasi gani kabla magurudumu hayajasogea. Funga jembe, liinue, zima injini, kanywe kahawa: urudi ulikute bado liko juu au limeshuka nusu.

Rangi mpya isikufurahishe. Mimi nilinunua moja iliyong'aa kama mtoto wa Idi, chini ya rangi bloku ilikuwa imeshonwa kwa welding.

La mwisho, gusa injini kabla mwenyewe hajaliwasha. Ikiwa na joto, amekwisha kulipasha kwa ajili yako, kwa sababu likiwa baridi linamsumbua. Akikwambia uje saa nane mchana, wewe panda matatu ya kwanza, uwe kwake saa kumi na mbili asubuhi.